Nuru Inayowaka Mara Tatu: Tathmini ya Safari ya Sabarimala

Kwa miaka 14 niliyofanya kazi Muscat, kila ifikapo katikati ya Novemba huona jambo lile lile ofisini kwetu. Baadhi ya wenzangu wanaotoka Kerala, jimbo la kusini mwa India, huacha kunyoa ndevu, huvaa shanga za mti wa tulasi shingoni, hujinyima nyama, samaki, pombe na sigara, hulala sakafuni, na hujitenga na wake zao kwa siku 41. Mtu uliyezoea kumsikia akifoka kwenye simu hushusha sauti, na wenziwe wote humwita Swami, yaani bwana. Kila nilipouliza nilijibiwa kwa maneno machache, mpaka Januari 2025, mmoja wao, ambaye mimi humwita chetta, neno la Kimalayalam la kumwitia kaka mkubwa, aliponichukua pamoja na binti yake wa miaka 8 tukaenda Sabarimala, hekalu la mlimani huko Kerala, kuingoja nuru ya Makaravilakku, moto unaoonekana mlimani mara tatu jioni moja ya Januari.

Naandika tathmini hii kwa msomaji wa Kiswahili anayefikiria kwenda, awe Mhindu wa Mombasa au Dar es Salaam mwenye nadhiri yake, au Mwislamu wa Tanga kama mimi, kwa sababu Sabarimala ni hekalu linalompokea mtu wa dini yoyote, jambo ambalo si la kawaida katika mahekalu makubwa ya Kerala. Neno mahujaji nitalitumia kwa kuwa ndilo tulilo nalo. Jibu langu kwa anayeuliza kama safari inafaa ni kwamba inafaa sana, ila aipange yeye mwenyewe, na asiifanye nuru kuwa sababu pekee ya kupanda mlima.

Hekalu lipo katika wilaya ya Pathanamthitta, kusini mwa India, ndani ya msitu wa hifadhi ya chui milia ya Periyar. Anayeabudiwa hapo ni Ayyappan, mwana wa mungu Shiva na wa Mohini, umbo la kike alilolichukua mungu Vishnu. Masimulizi yanasema mfalme wa Pandalam, ambaye hakuwa na mtoto, alimwokota akiwa mchanga kando ya mto Pamba, akiwa na kengele shingoni, akamlea. Baadaye malkia alipopata mtoto wake wa kumzaa, alijifanya mgonjwa wa maradhi yasiyopona ila kwa maziwa ya chui milia, ili kijana aende porini akafie huko. Kijana akarudi amempanda chui. Mfalme alipotambua amemlea nani, mwanawe alikwisha kuchagua kwenda kukaa mlimani peke yake, naye baba akaomba jambo moja tu, amwone mara moja kwa mwaka akiwa amevaa mapambo ya kifalme. Ombi hilo ndilo chimbuko la sherehe hii, na asiyelijua atauona umati na moto bila kuelewa kwa nini watu wazima wanalia.

Msimu huanza tarehe 16 au 17 Novemba, hufika kilele cha kwanza mwishoni mwa Desemba siku 41 zinapotimia, kisha hekalu hufungwa kwa siku chache na kufunguliwa tena tarehe 30 Desemba. Makaravilakku yenyewe huangukia tarehe 14 au 15 Januari, siku ambayo kwa hesabu yao jua huingia katika buruji ya Jadi, wanayoiita Makara.

Chetta alisisitiza kwamba tusianzie mlimani, bali Erumeli, na nawashauri wengine wafanye hivyo hivyo. Katika mji huu mdogo kuna msikiti wa Vavar, Mwislamu ambaye masimulizi ya huko yanamtaja kuwa alipigana na Ayyappan, akashindwa, wakawa marafiki wasioachana. Siku chache kabla ya nuru hufanyika hapo ngoma iitwayo Petta Thullal, ambamo mahujaji hujipaka rangi usoni na kifuani, hujifunga majani, hushika mikuki na marungu ya mbao, na kucheza barabarani toka hekalu dogo mpaka hekalu kubwa. Kundi la kwanza, la watu wa Ambalappuzha, huanza pale mwewe anapoonekana akizunguka angani. Huingia uani mwa msikiti, huuzunguka, kisha hutoka pamoja na mjumbe wa Vavar. Kundi la pili, la Alangad, hupita mbele ya msikiti kwa heshima bila kuingia, kwa sababu wao huamini kwamba Vavar amekwisha kuondoka na wale wa kwanza. Nilisimama kando ya lango la msikiti huo nikitazama wazee wenye kofia zilizodariziwa wakiwapokea watu waliojipaka rangi za kila aina, na moyoni nikaona kwamba kama safari ingeishia hapo, nauli yangu ingekuwa imeshalipa.

Kutoka Erumeli ipo njia ya kale ya msituni, kupitia mto Azhutha na mlima Karimala, ambayo hutembewa kwa miguu kwa zaidi ya kilomita 40. Kwa kuwa tulikuwa na mtoto hatukuifuata. Tulikwenda Pandalam kwa gari, ambako tarehe 12 Januari mapambo ya mfalme hutolewa katika masanduku 3 na kubebwa vichwani kwa siku mbili hadi Sabarimala. Njiani watu huwasha taa za mafuta mbele ya nyumba zao na kusimama kimya mpaka masanduku yapite, na wabebaji hawatembei kama watu wenye mzigo, bali kama watu wanaoitwa. Hapo pia watu walionyesha angani mwewe aliyekuwa akizunguka juu ya masanduku, wakifurahi kana kwamba wamemwona jamaa yao aliyekuwa safarini.

Sasa nifike kwenye lalamiko langu kubwa, ambalo halihusu hekalu. Tulikuwa tumemlipa wakala mmoja wa safari, ambaye sitamtaja, atupangie gari, miadi ya kupanda na kile alichokiita mahali maalumu pa kuitazamia nuru. Mahali maalumu pa kununuliwa na wakala hapakuwapo. Kila mtu husimama pale alipowahi. Tena miadi aliyotuandikia ilikuwa ya tarehe 15, yaani siku inayofuata nuru, na jambo hilo tulilijua tulipofika Nilakkal, kambi ya chini ambako magari ya watu binafsi huachwa na mahujaji kupanda mabasi ya serikali ya jimbo kwenda Pamba. Dereva alitushusha na kuondoka. Tukasimama kwa muda wa saa saba katika foleni ya wasiokuwa na miadi, mtoto akiwa amelala begani kwa baba yake na mzigo wake mdogo ukiwa mikononi mwangu. Miadi ya foleni huandikishwa kwenye mtandao na mtu yeyote mwenye kitambulisho, na chetta angeweza kuiandikisha mwenyewe kwa dakika chache. Msimwachie mtu mwingine kazi hiyo, na mkimwachia, ombeni mwone tarehe kwa macho yenu kabla ya kulipa.

Pamba, chini ya mlima, mahujaji huoga mtoni, na hapo polisi huwafunga watoto utepe wa mkononi wenye namba ya simu ya mzazi. Huduma hii ndogo naisifu kwa moyo wote. Yule binti, ambaye tangu hapo kila mtu alikuwa akimwita Malikappuram, jina wanaloitwa mahujaji wa kike, aliutazama utepe wake njia nzima kama bangili ya arusi. Hata askari waliokuwa wakituelekeza walituita Swami mmoja mmoja, mimi nikiwemo, nami sikuwa nimefunga hata siku moja kati ya zile 41. Juu ya hekalu yameandikwa maneno ya Kisanskriti yasemayo kwamba Huyo ndiye wewe, na mwito ule wa Swami hutokana na imani hiyo, kwamba aliyevaa shanga na yule anayemwabudu ni mmoja.

Njia ya kutoka Pamba hadi hekaluni ni kilomita 5 hivi, karibu yote ya kupanda, na wengi huipanda pekupeku. Sehemu ngumu kabisa ni Neelimala na Appachimedu. Nilipofika katikati ya Appachimedu nilishika chuma cha pembeni na kusimama, na kijana aliyekuwa na sufuria kubwa akanipa maji ya vuguvugu yaliyochemshwa kwa tangawizi kavu, akapita kwa mwingine kabla sijamshukuru. Maji hayo hutolewa njia nzima, na kandokando viko vituo vya tiba vyenye oksijeni, kwa sababu mlima huu hauwahurumii wenye maradhi ya moyo. Wazee na wasiojiweza hubebwa na watu wanne kwa machela, kwa malipo. Ningempa alama za juu kabisa yeyote aliyezipanga huduma hizi za njiani, maana sikuona mtu aliyeanguka akakosa mkono wa kumwinua.

Kila hujaji aliyetimiza nadhiri hubeba kichwani furushi la mifuko miwili, liitwalo irumudi. Nilishuhudia furushi la chetta likifungwa, na hatua moja ilinigusa kuliko zote. Nazi iliyokunwa makumbi mpaka kifuu kikang'aa hutobolewa jicho, maji yake humwagwa, kisha baba, mama na watoto huijaza samli kidogo kidogo, kila mmoja kwa mkono wake, halafu jicho huzibwa. Wao husema nazi ni mwili na samli ni roho. Juu mlimani nazi hiyo hupasuliwa, samli humwagiwa sanamu ya Ayyappan, na kifuu hutupwa katika moto mkubwa unaowaka mbele ya hekalu usiku na mchana. Sisi watu wa Pwani tunaoishi na nazi toka utotoni, tunaokuna nazi kabla hatujajua kusoma, hatuhitaji kufafanuliwa maana ya kifuu kitupu kinachotupwa motoni.

Wenye irumudi pekee ndio wanaopanda ngazi 18 takatifu, zilizofunikwa kwa mchanganyiko wa metali tano, huku askari waliojipanga pande zote wakiwainua kwa mikono ili foleni isisimame. Sisi tusio na furushi tuliingia kwa ngazi za upande wa kaskazini. Muda wa kuiona sanamu, baada ya safari yote hiyo, ni wa kufumba na kufumbua. Ajiandae kwa hilo mtu anayetarajia kusimama na kuomba dua ndefu. Faraja yangu niliipata karibu na zile ngazi 18, kwenye mahali pa Vavar, ambapo Mwislamu hukaa kupokea mahujaji wa Kihindu na ambapo pilipili manga hutolewa sadaka. Niliweka punje chache za pilipili, mzee akanitazama kofia yangu, akanijibu salamu.

Tarehe 14 tulikuwa Pandithavalam, mteremko ulio karibu na hekalu ambako watu hujikalisha tangu siku zilizotangulia kwa sababu kutoka hapo mlima Ponnambalamedu huonekana vizuri ng'ambo ya bonde. Hakuna lililokuwa likifanyika kwa saa nyingi isipokuwa kungoja. Watu walikaa wakiwa wamebanana magoti, wakipeana ndizi, wakiimba na kunyamaza na kuimba tena. Hewa ilijaa harufu ya kafuri. Kwetu kafuri huitwa pia karafuu maiti, na kwa mtu wa Tanga harufu yake ni ya sanda na ya msiba. Ilinichukua siku mbili nzima kuizoea pale kama harufu ya furaha, na mpaka leo sijui kama nitainusa tena nyumbani bila kukumbuka mteremko ule.

Jioni masanduku yaliyotoka Pandalam yalifika. Milango ya ndani ilifungwa ili Ayyappan avikwe mapambo ya baba yake, ikafunguliwa kwa ibada ya taa, na kengele zikalia. Watu wote waliokuwa upande wetu wakageuka kutazama ng'ambo. Ilikuwa kama saa 12:45 jioni, giza likiwa limeshaanza kushika msitu, pale nukta ya moto ilipoonekana juu ya Ponnambalamedu, ikakua kidogo, ikazimika. Ikawaka tena, ikazimika. Ikawaka mara ya tatu. Haikuwa kubwa. Anayezitazama picha zilizokuzwa atadhani ni tanuri, lakini kwa macho matupu ni kama taa ya ngalawa iliyo mbali usiku wa bahari tulivu, na sauti iliyotoka kwa umati, Swamiye Sharanam Ayyappa, yaani Bwana Ayyappa, kwako najikinga, niliisikia kwa miguu kabla ya masikio, kwa jinsi ardhi ilivyotikisika.

Binti wa chetta alikuwa mabegani mwa baba yake. Akauliza ni nani anayeiwasha. Chetta akamjibu, "Watu." Akauliza ni watu gani. Akajibiwa, "Watu kama sisi, mama, waliopanda mlima ule."

Namheshimu chetta kwa jibu hilo, na naamini kila anayeuza safari hii angepaswa kulitoa. Kwa miaka mingi wengi waliamini kwamba moto ule hujiwasha. Mwaka 2008 wakuu wa hekalu walikiri hadharani kuwa huwashwa na binadamu, na mwaka 2011 bodi inayosimamia mahekalu ya Travancore, ufalme wa zamani wa eneo hilo, ikasema hivyo mbele ya Mahakama Kuu ya Kerala. Ni ibada ya kafuri inayowashwa na kupungwa mara tatu mbele ya mlima, ibada iliyokuwa ya wakazi wa asili wa msitu huo, Mala Araya, tangu zamani. Kuna pia nyota inayochomoza upande wa mashariki jioni ile ile, ambayo ndiyo hasa Makara Jyothi, na wengi huitambua kuwa Sirius. Hiyo haiwashwi na mtu. Tofauti kati ya taa na nyota ni ya msingi, na waumini wengi niliozungumza nao wanaijua bila kutikisika. Mwislamu hapaswi kuona ajabu hapa, wala Mkristo, kwani hata mshumaa wa madhabahuni huwashwa na kijana mwenye kiberiti.

Kinachonitia hofu ni umati. Tarehe 14 Januari 1999 watu zaidi ya 50 walikufa Pamba katika msongamano wa watu waliotoka kuitazama nuru, na tarehe 14 Januari 2011 zaidi ya 100 walikufa Pulmedu, mahali pengine pa kutazamia, watu walipoanza kurudi gizani kwa njia nyembamba. Mara zote mbili hatari ilikuja baada ya nuru kuzimika, wakati kila mtu alipotaka kuwahi. Ushauri wangu ni mmoja na nausema kwa uzito wote: nuru ikizimika, kaeni chini. Sisi tulikaa mpaka wimbo wa kumlaza Ayyappan ulipoimbwa na milango kufungwa, tukapewa chakula cha bure cha hekalu, na tukateremka usiku wa manane kwa nafasi, mtoto akiwa amelala. Kwa huduma za njia na kwa ukarimu wa watu natoa alama zote. Kwa usiku wa nuru wenyewe napunguza, kwa kuwa nafasi iliyopo haiwatoshi wanaokuja.

Anayepanga kwenda na familia ajue pia kwamba wanawake wa umri wa miaka 10 hadi 50 kwa desturi hawapandi, kwa kuwa Ayyappan wa mlima huu ni mseja. Tarehe 28 Septemba 2018 Mahakama ya Juu ya India iliamua kwa majaji 4 dhidi ya 1 kwamba wote waruhusiwe. Yakafuata maandamano makubwa, na Novemba 2019 suala likapelekwa mbele ya jopo kubwa zaidi la majaji. Kwa hali halisi ya njiani, desturi ndiyo inayotawala. Mke wa chetta alitungoja Chengannur, kwenye mji wa stesheni ya reli, na nilipomwuliza kama hakuumia, alisema ameijaza samli nazi ile kwa mkono wake mwenyewe, kisha akabadilisha mazungumzo. Karibu na hekalu yupo mungu wa kike, Malikappurathamma, ambaye masimulizi yanasema aliahidiwa ndoa siku ambayo hatafika hujaji yeyote mgeni. Wageni, yaani wanaokwenda kwa mara ya kwanza, huchomeka mishale midogo ya mbao mahali paitwapo Saramkuthi. Baada ya nuru, yeye huenda huko kwa maandamano akitanguliwa na ngoma, huikuta mishale, na hurudi ngoma zikiwa kimya. Niliiona mishale hiyo tulipokuwa tukipita: maelfu, mmoja juu ya mwingine, mingine ikiwa bado na harufu ya mti mbichi.

Msisahau kuchukua aravana, uji mzito mweusi wa mchele, sukari guru na samli unaouzwa katika makopo. Ni mtamu kupita kiasi kwa kijiko kikubwa, lakini kwa kijiko kidogo pamoja na kahawa chungu ni kitu cha kumpelekea mama.

Mimi nikirudi, nitapanda tarehe 16. Mapambo ya Pandalam hubaki yamevaliwa kwa siku kadhaa baada ya nuru, foleni hupungua, na mtu hupata nafasi ya kusimama. Nilimweleza chetta hesabu yangu tulipokuwa tukisubiri ndege Kochi, naye akaisikiliza yote kwa adabu. Akasema ni hesabu nzuri, lakini mwaka ujao binti yake atakuwa na miaka 9, na mwaka unaofuata hatapanda tena mpaka apite 50. Kwa hiyo wao watakuwa Pandithavalam tarehe 14, na watatangulia siku mbili ili apate kukaa mbele.